Miti 63, balkoni moja: Mzee wa Bukavu anatafutia erabli zake makao mapya Ubelgiji

Nyuma ya nyumba moja ya matofali mekundu, si mbali na mji wa Leuven nchini Ubelgiji, kuna vyungu 63. Kila chungu kina mti mmoja, na kila mti una kibati kidogo kilichofungwa kwa waya, chenye jina lililoandikwa kwa kalamu ya risasi. Mmoja tu ndio hauna jina. Mwenye bustani hiyo, mzee wa miaka 67 mzaliwa wa Bukavu, anapaswa kuhama kabla ya mwisho wa mwezi Machi kwa sababu mwenye nyumba ameiuza. Kule anakokwenda, ghorofa ya tatu, kuna balkoni inayoweza kubeba vyungu vitano.

Nilimtembelea Jumamosi moja katikati ya Novemba. Miti mingi ya mtaa ilikuwa tayari imebaki matawi matupu, lakini kwake ilikuwa kana kwamba mtu amewasha moto usio na moshi: rangi ya chungwa, ya damu, ya dhahabu, na nyingine ambayo sikujua niiite nini. Alikuwa amevaa kofia ya sufu, anafagia majani.

“Karibu mwanangu,” alisema. “Pita, lakini usimkanyage Simba.”

Simba ni mti wenye urefu wa mtoto wa miaka mitano, majani yake yamejikunja kama nywele zisizochanwa. Jina lake la Kijapani ni Shishigashira, maana yake kichwa cha simba, yule simba wa ngoma za jadi za Japani mwenye manyoya yaliyosimama. Hukua polepole sana. Mzee anao tangu mwaka 2004.

Ameomba jina lake lisiandikwe hapa. Si mambo ya siasa, alinihakikishia akicheka. Miti ya namna hii huibwa. Mmoja uliokomaa vizuri unaweza kuuzwa kwa mamia ya euro, na ukuta wa bustani yake unamfikia mtu mzima kiunoni.

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu au Lubumbashi, erabli ni ule mti ambao jani lake limewekwa katikati ya bendera ya Kanada. Ndugu zake wa Japani ni wadogo zaidi, na majani yao yamegawanyika kama vidole. Wajapani wenyewe waliona hivyo: moja ya majina yao ya mti huu, kaede, limetokana na maneno yenye maana ya mkono wa chura. Daktari wa Kiswidi Carl Peter Thunberg, aliyefanya kazi kwa kampuni ya Waholanzi katika kisiwa cha Dejima huko Nagasaki mwaka 1775 na 1776, naye alifikiria mkono. Jina la kisayansi alilolichapisha mwaka 1784, Acer palmatum, linamaanisha erabli yenye jani kama kiganja.

Jina lingine, momiji, linagusa rangi za majani yenyewe. Juma hilohilo nililokuwa Leuven, watu wa Kyoto walikuwa wanajazana kwenye mahekalu na kando ya mito kutazama miti ikigeuka. Kazi hiyo ya kutoka nyumbani kwenda kutazama majani ina jina lake, momijigari, na neno hilo lina maana ya kuwinda ndani yake.

Porini mti huu ni wa kijani, wa kawaida, unaota milimani chini ya miti mikubwa. Ajabu yake ni kwamba watoto wake hawafanani. Panda mbegu mia za mti mmoja, utapata miche yenye majani mapana, mengine membamba, mingine ikianza mwaka na rangi nyekundu. Wakulima wa bustani wa Japani walianza zamani kuchagua ile ya ajabu na kuipa majina. Katika karne za amani za enzi ya Edo, kulikuwa na kijiji cha wauza miche kiitwacho Somei, ambacho leo kimemezwa na mji wa Tokyo. Ito Ihei, mkulima wa hapo, alichapisha mwaka 1710 kitabu kilichoorodhesha aina 36 za erabli. Leo majina yamepita elfu moja, ingawa Mzee anasema mengine ni mti uleule uliouzwa mara mbili kwa majina mawili.

Alinizungusha akiyasoma. Ukigumo, mawingu yanayoelea, kwa sababu majani yake ya masika yana mabaka meupe. Sango-kaku, ambayo gome lake huwa jekundu kama marijani wakati wa baridi, mti ukiwa uchi. Seiryu, joka la kijani. Osakazuki, kikombe kikubwa cha pombe ya mchele, mti ambao majira mengine haumvutii mtu yeyote, halafu kwa wiki mbili za mwaka hakuna kitu chekundu kuuzidi. Kuna pia majina ya Ulaya na Marekani: Bloodgood, inayouzwa kila mahali, na Trompenburg, iliyotoka kwenye bustani ya miti ya Rotterdam, yenye majani ambayo kingo zake zimejikunja kuelekea chini.

Ni hapa ndipo Mzee alipoweka ufagio chini na kunieleza jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linafanya kuhama kwake kuwe habari na si suala la samani tu.

Kwa kuwa mbegu hazizai mti unaofanana na mama, Osakazuki haiwezi kupandwa kwa mbegu. Njia ni kukata kijiti kutoka mti wenyewe na kukiunganisha na mche mwingine, kile ambacho wakulima wetu wa maparachichi na maembe huita kupandikiza, na wengi kwetu husema kugrefe. Hivyo kila Osakazuki iliyopo duniani, iwe Kyoto, iwe Oregon, iwe nyuma ya nyumba hii, ni kipande cha mti mmoja wa zamani, kilichopitishwa kutoka mkono hadi mkono. Siku mikono ikichoka, aina hiyo imekwisha. Hakuna mbegu iliyobaki ardhini itakayoirudisha.

Hilo si nadharia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, bustani nyingi za Japani ziligeuzwa mashamba ya chakula na miti ikakatwa kuwa kuni. Baadhi ya majina yaliyokuwa kwenye orodha za zamani hayakupatikana tena baada ya hapo. Yaliyookoka yaliokolewa kwa sehemu na wauza miche walioficha miti mama michache, na kwa sehemu na watu waliokuwa wamepeleka miche nje ya nchi.

Mkongomani anapaswa kulielewa jambo hili haraka kuliko Mbelgiji, kwa sababu tunaishi nalo. Mgomba haupandwi kwa mbegu. Bibi anakupa chipukizi, nawe utampa jirani. Na hapohapo Leuven, katika chuo kikuu, kuna hazina ya migomba ya dunia nzima, zaidi ya aina 1,500, nyingi zikiwa miche midogo ndani ya mirija ya kioo. Miongoni mwao iko Yangambi Km5, iliyopewa jina la mahali ilipotoka karibu na kituo cha utafiti cha Yangambi katika Tshopo, na ambayo watafiti wanaithamini kwa sababu inastahimili ugonjwa wa sigatoka nyeusi unaokausha majani ya migomba. Mzee anaijua vizuri. Alishawahi kupita nje ya jengo hilo na mjukuu wake akamwonyesha: “Ndizi zetu ziko mle ndani, kwenye baridi.”

Ndizi inalisha watu, kwa hiyo ina mirija ya kioo, wataalamu na fedha. Erabli ya Kijapani hailishi mtu. Ziko bustani kubwa za miti zinazoitunza, kama Westonbirt huko Uingereza ambayo inashikilia mkusanyiko wa kitaifa, na wako wauza miche wakubwa wa Boskoop, Uholanzi. Lakini sehemu kubwa ya majina hayo elfu yanaishi nyuma ya nyumba za watu, katika vyungu, chini ya ulinzi wa wastaafu. Hata kitabu ambacho wapenzi wa mti huu wanakitegemea, kilichotoka mwaka 1978, kiliandikwa na mtaalamu wa wadudu, J. D. Vertrees, aliyekuwa anakusanya na kukuza erabli zake huko Roseburg, Oregon. Baada ya kifo chake mwaka 1993, wengine wameendelea kukiongezea majina.

Mzee hakuanza kwa kusoma kitabu. Alifika Ubelgiji katika miaka ya 1990, akaendesha basi miaka ishirini na zaidi. Jirani yake alikuwa bibi wa Kiflemi aliyekuwa anaishi peke yake, na kati yao walikuwa wanasalimiana juu ya ukuta, basi. Bibi alipofariki, watoto wake walikuja na gari la takataka. Kati ya viti na mazulia kulikuwa na mti ndani ya chungu kilichopasuka, majani yake membamba kama nyuzi. Mzee aliuomba, wakampa bila hata kumtazama. Kibati cha jina kilikuwa kimevunjika. Kilibaki kitundu cha waya tu.

Huo ndio mti usio na jina. Ulikuwa mwaka 2003. Akitaka kujua ni nini, alikwenda Boskoop kwa treni na basi, mfukoni akiwa na majani yaliyobanwa ndani ya daftari. Muuza miche wa kwanza alimpa jina. Wa pili alimpa jina lingine. Wa tatu alikuna kichwa na kumuuzia Simba. Tangu hapo, anasema, hakupona.

Nilitaka kujua kama kazi yenyewe ni ngumu. Alinijibu kwamba mti unataka vitu vichache lakini unavitaka kweli. Udongo wenye tindikali kidogo na usiotuamisha maji, kwa hiyo anachanganya magome ya msonobari yaliyosagwa. Maji kila siku wakati wa kiangazi, maana mizizi iko juujuu. Kivuli cha mchana kwa ile yenye majani laini. Mwezi Julai 2019, joto lilipopita nyuzi 40 nchini Ubelgiji kwa mara ya kwanza tangu vipimo vianze, alitandika mashuka ya kitanda juu ya miti, na mama wa nyumba bado anayadai. Majani yaliungua kingo hata hivyo, lakini miti ilichipua tena.

Adui wa pili ni baridi ya kuchelewa. Machipukizi ya Aprili yanaweza kufa kwa usiku mmoja. Wazee wa huku hawaamini masika mpaka wapite Watakatifu wa Barafu, yaani sikukuu za Mamerto, Pankrasi, Servasi na Bonifasi, kati ya tarehe 11 na 14 Mei. Mzee ni Mkatoliki, lakini anasema watakatifu hao wanne hajawaomba kitu, anawangoja tu wapite.

Wa tatu hana dawa. Ni ukungu wa ardhini uitwao vertisilio, unaoingia mizizini na kuziba njia za maji. Tawi moja linanyauka likiwa na majani yake, kisha upande mzima. Amepoteza miti saba kwa ugonjwa huo. Baada ya kukata kila mti anapangusa kisu kwa alkoholi, na chungu cha mti uliokufa hakitumii tena, wala udongo wake.

Swali ambalo kila mgeni kutoka nyumbani humuuliza, nami nililiuliza: je, unaota Bukavu? Jibu ni kwamba hauwezi kustawi. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nzuri, udongo ni mzuri, ila hakuna baridi ya kweli. Erabli inahitaji miezi kadhaa ya kulala. Bila usingizi huo inachipua ovyo, inachoka na kufa. Mzee alijua hivyo lakini alijaribu. Alimtumia dada yake mbegu kwa mikono ya msafiri, na maelekezo: zikae kwenye friji miezi mitatu ndani ya mchanga wenye unyevunyevu, zidanganywe kwamba ni majira ya baridi. Umeme ulikuwa unakatika, friji ikawa kabati. Mbegu nyingi zilioza. Mbili ziliota kando ya jiko, zikaishi mwaka mmoja na nusu. Dada yake alimpigia simu kumpa taarifa ya kifo cha mwisho kwa sauti ya msiba kabisa.

Barua ya mwenye nyumba ilifika mwezi Septemba. Tangu siku hiyo Mzee ana daftari lenye mistari 63. Miti ishirini na mmoja itachukuliwa na rafiki yake wa Gent, naye mkusanyaji, mwenye bustani kubwa na mgongo mbovu. Tisa itakwenda kwenye uwanja wa parokia, ambako padri ameahidi kumwagilia. Mzee amemwamini nusu. Kumi na minne ameiuza, hasa ile inayopatikana kila duka, na hakuona uchungu. Mingine kumi na minne haijapata mtu. Baadhi ni mikubwa mno kwa gari dogo, mingine ina majina ambayo wanunuzi hawayajui, na mnunuzi huomba anachokijua.

Mti usio na jina nao haukupata mtu. Aliutolea tangazo, akaweka picha nzuri ya mwezi Oktoba, majani yake yakiwa na rangi ya papai lililoiva. Watu wanane walimwandikia, na swali la kwanza la wote wanane lilikuwa moja. Alipowajibu kwamba hajui, hawakuandika tena. Alinieleza hayo kwa Kiswahili chetu cha Kivu, akauacha ule wa redio: “Muti yenye haina jina, nani ataiuliza?”

Nilimuuliza kwa nini asiupe jina yeye mwenyewe. La mke wake, kwa mfano, au Bukavu. Alitikisa kichwa. Kama mti huo una jina tayari huko Japani, kuupa lingine ni kuongeza fujo, na fujo zimekwisha kuwa nyingi. Watu wanafanya hivyo kila siku ili wauze. Bibi wa jirani alijua jina lake, anaamini hivyo, na hakuwahi kumuuliza siku zote zile walizosalimiana juu ya ukuta. Nadhani ni hilo linalomuuma, kuliko hata nyumba.

Kwa hiyo anategemea mwezi Februari. Karibu na mlango wa jiko alinionyesha sanduku la mbao lenye miche kumi ya erabli ya kijani ya kawaida, aliyoiotesha kwa mbegu miaka miwili iliyopita, minene kama penseli. Februari, miti ikiwa bado imelala, ataileta ndani sehemu yenye joto kidogo ili mizizi iamke. Kila mche atauchanja ubavuni kwa kisu chenye makali ya wembe, ataingiza kijiti chenye macho mawili kutoka mti usio na jina, gome likutane na gome angalau upande mmoja, atafunga kwa utepe wa mpira na kufunika kwa mfuko wa plastiki ili unyevu usitoke. Baada ya wiki kadhaa, macho yakivimba, kimeshika. Yakikauka, basi. Katika kumi, mwaka mzuri anapata saba.

Miche saba inaingia kwenye sanduku moja, na sanduku linaingia kwenye lifti. Atawagawia watu bila kuwauliza kama wanataka: rafiki wa Gent, padri, mjukuu, daktari wake wa meno. Akiwapa saba, alisema, pengine wawili watakumbuka kumwagilia.

Mke wake, mwenyeji wa Uvira, alituletea chai na maandazi na kuketi nasi. Yeye hana ugomvi na miti, ila ana hesabu zake. Miaka yote hii bustani ilikuwa ya mume wake, na yeye alipewa kipande kimoja kando ya ukuta kwa ajili ya lengalenga za kiangazi. Balkoni ni mita tatu kwa moja na nusu. Amekwenda kuipima mwenyewe.

Kabla ya kuondoka niliomba kuona daftari. Ukurasa wa mwisho una kichwa “Tunaohama nao” na mistari mitano. Wa kwanza ni Simba. Wa pili ni Sango-kaku, kwa sababu ya rangi yake wakati wa baridi, dirisha likiwa limefungwa. Wa tatu ni Osakazuki. Wa nne ni mti usio na jina, ulioandikwa hivyohivyo, “usio na jina”. Mstari wa tano Mzee alikuwa ameandika Ukigumo kwa kalamu ya risasi, ukafutwa. Juu yake, kwa wino wa buluu na mwandiko mwingine, pameandikwa: lengalenga.